Mwalimu wa Ndege na Picha Nilizozikata

Mara ya kwanza kumwona Mwalimu, alikuwa amelala kifudifudi kando ya barabara inayoteremka kutoka mjini Machakos kwenda bwawani. Gauni lake la kanisani lilikuwa limejaa vumbi, na vijana wawili wa bodaboda walikuwa wamemsimamia wakishauriana.

"Huyu mathe ameanguka," mmoja aliniambia. "Tumpeleke hosi ama tutafute watu wake?"

Tukamshika mabega, tukamwinua. Hatua chache mbele yake yangeyange mmoja mweupe alipiga mabawa akaenda zake. Mwalimu alijipangusa, akaokota kamera yake, akatutazama sisi watatu kama darasa lililofeli mtihani rahisi.

"Dakika arobaini," alisema. "Nimelala hapa dakika arobaini nikingoja huyo ndege ageuze kichwa. Asi! Nani aliwatuma?"

Vijana waliwasha pikipiki wakatoweka. Mimi nilibaki, kwa sababu nina ugonjwa wa kutaka kujua. Nilimuuliza kwa nini mtu wa umri wake alale chini ilhali kamera ina lenzi ndefu namna ile. Akanieleza kwamba ukimpiga ndege picha ukiwa umesimama, utapata mgongo tu, na mgongo haumwambii mtu chochote. "Shuka mpaka macho yenu yalingane," alisema. Kumbe tayari nilikuwa nimeandikishwa shule.

Alizaliwa wapi na watu wake ni akina nani, sikumuuliza, naye hakusema. Nijualo ni kwamba alifundisha shule ya msingi miaka mingi, akastaafu, na wenzake walipokuwa wakinunua ng'ombe wa maziwa, yeye alinunua kamera. Anaishi geti la tatu kutoka kwetu, pale nyumba za mji zinapokwisha na mashamba kuanza. Kila mtu humwita Mwalimu, hata wazee waliomzidi umri.

Mimi nina duka dogo karibu na soko. Napiga picha za pasipoti, lakini kazi inayonipa jina ni programu za mazishi, vile vijitabu vya picha na wasifu wa marehemu. Mtu anakufa akiwa ameacha picha moja tu, ya harusini, ana soda mkononi na mkono wa mtu mwingine uko begani mwake. Mimi natoa soda, natoa ule mkono, namvalisha koti na tai, na familia inalia kwa shukrani. Nayaeleza haya mapema kwa sababu kuna kosa nililomfanyia Mwalimu, na lilitokana na mikono hii iliyozoea kusafisha. Nililitenda mimi, na aliyelipia ni yeye, kwa macho yake.

Kuhusu mwanga, Mwalimu alikuwa mkali kuliko kuhusu dini. Kanisani aliweza kumsamehe mtu aliyechelewa, lakini ukitoka kupiga ndege saa tatu asubuhi alikuambia jua limeshaharibika, urudi ukalale. Alitaka ile saa ya kwanza, jua likiwa bado chini, nawe umeligeuzia mgongo. Ndege mweupe ukimpiga saa sita mchana, alisema, manyoya yote yanageuka karatasi, kwa hiyo punguza mwanga kwenye kamera mpaka uone unyoya mmoja mmoja. Kunguru alimwekea mwezi wa Julai, wakati mawingu ya baridi yanapokaa Machakos kutwa nzima, maana ndani ya mwanga ule mpole weusi wa kunguru hutoa bluu na zambarau ambazo sikuwahi kujua kwamba anazo.

Jambo lililonishangaza zaidi ni udongo. Mimi nilidhani ndege anapendeza kwenye nyasi. Yeye alipenda shamba lililolimwa, kwa sababu udongo wetu mwekundu hurudisha mwanga juu na kuangaza tumbo la ndege kwa chini. Alinionyesha picha mbili za kwezi yuleyule, moja nyasini na nyingine shambani, nami nikaona tofauti kama mtu aliyefungiwa dirisha kisha akafunguliwa. Pale ambapo udongo haukutosha, alitundika gunia jeupe la unga kwenye ua ili litupe mwanga upande wenye kivuli. Wapita njia walibisha geti wakiuliza kama amefungua posho mill.

Kuhusu mpangilio wa picha, alinifunza kwa kipande cha katoni. Alikata dirisha katikati ya boksi la sabuni, akaniamuru nitembee nalo wiki mbili kabla hajaniruhusu kushika kamera yake. Nilitazama soko zima kupitia tundu lile. Mama mmoja wa nyanya aliniuliza kama kaunti imeanza tena kupima mahali pao pa kuuzia. Masharti ya Mwalimu yalikuwa mawili. Kwanza, mwachie ndege nafasi mbele ya mdomo, apate mahali pa kwenda. Pili, kabla ya kubonyeza, jicho lizunguke kona nne za picha, maana takataka hujificha konani.

Kila Ijumaa jioni alikuja dukani na memori kadi yake. Kioo cha nyuma cha kamera yake kilipasuka zamani, naye alikataa kukitengeneza. Alidai kwamba mtu anayekagua alichopiga humkosa ndege anayefuata. Kwa hiyo picha zake aliziona kwa mara ya kwanza nilipozichapisha. Alikaa kwenye benchi la wateja, akatoa kalamu nyekundu, akasahihisha zangu na zake pamoja. Hakuna aliyewahi kupata zaidi ya saba kwa kumi, naye pia akiwemo.

Si kwamba alikuwa mtu wa kunyooka kila upande. Alisema kumtegea ndege chakula ili umpige picha ni rushwa, lakini nyuma ya nyumba yake kulikuwa na karai la maji chini ya bomba lililoachwa lidondoshe matone makusudi, na mabaki ya ugali pembeni. Nilipomkumbusha, alijibu, "Hiyo si rushwa, ni karibu mgeni." Alimpiga kunguru picha nzuri kuliko zote nilizowahi kuchapisha, na wiki hiyohiyo nilimwona akimrushia kunguru mawe kwa kuiba vifaranga. Hakuruhusu mtu ampige yeye picha, hata ya pasipoti nilimpiga kwa kubembeleza. Na aliwahi kuanua nguo zote za jirani yake bila ruhusa, kwa sababu blanketi jekundu lilikuwa linaharibu rangi nyuma ya ndege. Jirani yule hakumsemesha mwezi mzima.

Lakini jambo moja hakulichezea. Siku moja nilimsafishia picha ya hondohondo aliyekaa kwenye nguzo, nikaondoa waya wa stima uliopita nyuma. Nilitarajia sifa.

"Waya imeenda wapi?" aliuliza.

"Nimeitoa, Mwalimu. Ilikuwa inachafua."

"Ilikuwa hapo ama haikuwa?"

"Ilikuwa."

"Basi rudisha. Ongeza mwanga, punguza mwanga, koza rangi kidogo kama kamera imepausha. Lakini kitu kilikuwa hapo, usikitoe. Huyu ndege hajakufa, wacha kumvalisha tai."

Kukata kingo za picha alikuruhusu, kidogo tu. Alisema kukata ni kukiri kwamba ulisimama mbali, na kukiri si dhambi. Kosa langu lilipitia kwenye ruhusa hiyo.

Miaka miwili iliyopita, au zaidi kidogo, aliniletea picha ya mnana anayesuka kiota. Mwanga ulikuwa wa ajabu, bawa liling'aa upande mmoja na jicho lilionekana wazi. Lakini ukingoni kulikuwa na kipande cha bomba la maji. Nikajisemea kwamba alikuwa na haraka. Nikakata upana wa kidole, nikachapisha, naye akajipa sita na nusu. Wiki iliyofuata ilikuwa kwezi, na ukingoni mkia wa ndege mwingine. Nikakata. Kisha ndoo. Kisha nguzo ya ua wake mwenyewe. Nani angemwambia Mwalimu kwamba ameshindwa na somo lake? Nilimwonea aibu, na mimi nikiona aibu ya mtu mkono wangu husafisha wenyewe.

Ijumaa moja aliziinua picha karibu na taa.

"Mbona ndege wangu siku hizi wanabanwa hivi? Wamekosa hewa mbele."

"Ni karatasi, Mwalimu," nilijibu bila hata kumeza mate. "Wameniletea saizi ndogo."

Aliamini. Nakiri kwamba nililala usingizi mzuri usiku ule, nikijiona mtu mwema.

Wakati huohuo mtaani wakaanza kusema kwamba Mwalimu ameota kiburi. Unapita karibu naye, unampungia mkono, hakujibu wala hakutazami. Kwetu mtu asipoitikia salamu ni kama amekutukana, na jirani wa blanketi jekundu alihakikisha kila geti limepata habari. "Sasa anaona ndege tu, sisi watu hatuoni," alisema. Mimi nilimtetea. Nilisema ni mawazo, kichwa chake kiko kwenye picha. Hivyo ndivyo nilivyofanya, nikamtetea mtu dhidi ya ukweli ambao ungemsaidia.

Jumapili moja ya Machi, baada ya kanisa, nilipita kwake. Alikuwa ameketi nyuma ya nyumba, nami nikaja kwa upande wa kushoto.

Nilimpungia mkono. Hakugeuka. Nikarudia. Nikarudia tena, na nilipomgusa bega na kusema, "Mwalimu, wĩ mũseo?" yaani hujambo, aliruka kama nimemmwagia maji.

"Unakuja kama mwizi!" alisema.

Tukacheka. Akanyoosha mkono kuchukua sukari, akaikumba thamosi ya chai iliyokuwa kushoto kwake, ikaanguka ikapasuka.

"Nani ameweka hii hapa?"

Alikuwa ameiweka mwenyewe, dakika moja kabla. Nilichukua kitambaa nikaanza kupangusa chai, na nikiwa nimeinama hivyo swali likaniingia. Bomba, mkia, ndoo, nguzo. Vilikuwa upande gani?

Sikumaliza kupangusa vizuri. Niliaga, nikaenda kufungua duka siku ya Jumapili, jambo nisilolifanya, nikawasha kompyuta na kufungua picha zake zote za asili, zile ambazo sikuwa nimezikata. Nilizipanga tangu ya kwanza. Kila takataka ilikuwa kushoto. Hakuna hata moja iliyokuwa kulia. Mwanzoni nilikuwa nimekata upana wa kidole, kisha vidole viwili, kisha kiganja, na zile za karibuni nilikuwa nikikata karibu theluthi ya picha nzima. Mwalimu hakuwa na haraka wala uzembe. Upande ule hakuwa akiuona, na mimi kila Ijumaa nilikuwa nikimwondolea kitu pekee ambacho kingemwambia.

Nilikaa na jambo hilo siku mbili. Nikimwambia, atajua nilimdanganya usoni. Nisipomwambia, nani ajuaye ni kiasi gani kilibaki cha kupotea? Niliogopa, tena niliogopa zaidi kwa ajili yangu kuliko yake, na hilo pia linanitia haya. Jumanne nilichapisha picha ishirini bila kukata chochote, nikazitia kwenye bahasha, nikaenda kwake.

Alikuwa mezani. Nilizipanga mbele yake, upande wa kulia, nikarudi nyuma hatua moja. Yeye alidhani ni zangu, kama kawaida, akachukua kalamu nyekundu.

"Nne," alisema, akaandika. "Mwanga umeupata. Lakini hii bomba?" Akavuta ya pili. "Tatu. Mkia wa nani huu?" Ya tatu. "Kijana, wewe nimekufundisha nini? Huangalii kushoto kabisa. Kabisa! Huyu ni mtu wa kupewa ile katoni tena."

Akavuta ya nne. Ilikuwa hondohondo mwenye mdomo uliomeguka ncha, ametua kwenye ua wake, na kushoto nguzo imekata picha toka juu hadi chini. Kalamu yake ilikaribia karatasi, ikasimama hapo.

"Huyu alikuja siku moja tu," alisema polepole. "Na hiyo siku wewe ulikuwa Kyumbi kwa harusi."

"Ndiyo, Mwalimu."

"Hii ni yangu."

"Zote ni zako."

Hakunitazama. Alizisogeza zote ishirini karibu, akazipitia moja moja akigeuza kichwa chote kushoto ili aone ukingo, na nilipoona lile shingo linavyogeuka nilitamani ardhi ipasuke. Alipomaliza aliuliza tangu lini. Nikamwambia. Akauliza zile nilizokuwa nikimpa zilikuwa nini. Nikamwambia nilikuwa nakata.

"Na karatasi ndogo?"

"Hakukuwa na karatasi ndogo."

Alifunika kalamu. "Eka," alisema. Maana yake ni acha, yatosha. Nikatoka.

Hakutaka nimsindikize kliniki ya macho. Alienda peke yake na ile bahasha kwapani. Wiki iliyofuata alikuja dukani lakini hakuketi kwenye benchi, alisimama mlangoni.

"Ni presha ya macho," alisema. "Haina uchungu. Inaanza kula pembeni polepole, mtu hajui. Daktari ameniuliza ilianza lini, nikamtandikia picha kwa meza. Amesema hajawahi kuona mgonjwa akija na kitu kama hicho."

"Itapona?"

"Yenye imeenda imeenda. Yenye imebaki wataishika na dawa ya matone, kila siku, mpaka nife."

Nilimuuliza nililokuwa naogopa kuuliza. Kama angeenda wakati wa ile picha ya mnana?

"Ningekuwa na macho mengi kuliko haya," alisema. Hakupaza sauti wala kunilaumu, alitoa jibu kama alivyokuwa akitoa majibu ubaoni. Kisha akaondoka, akishuka ngazi kwa uangalifu.

Sikumwona miezi minne. Ijumaa zilikuja na benchi likakaliwa na watu wengine. Nilisikia anaweka dawa kwa wakati, na kwamba alizunguka geti kwa geti akiwaeleza watu wamsalimie kwa upande wa kulia, na kwamba jirani wa blanketi jekundu alilia. Kuhusu kamera sikusikia kitu. Mimi niliendelea na programu zangu za mazishi. Siku moja familia iliniomba nimtoe marehemu mkongojo, nikajikuta nawauliza kama wana hakika, maana mzee alitembea nao miaka kumi. Walinitazama kana kwamba nimelewa.

Kisha mwezi huu, Julai, asubuhi ya mawingu, simu ikalia kabla sijanywa chai.

"Vaa buti," alisema Mwalimu. "Njoo bwawani."

Nilimkuta ukingoni mwa maji, ameketi juu ya gunia, kamera imefungwa kwenye miguu yake mitatu. Alikuwa amekonda kidogo. Nilianza kuomba msamaha, hotuba niliyokuwa nimeitunga miezi minne, akainua kiganja.

"Bado nimekukasirikia."

"Najua, Mwalimu."

"Simama hapa kushoto. Usiongee mpaka nikuulize."

Nikasimama. Mbele yetu, kwenye jiwe, korongo mmoja wa kijivu alikuwa amesimama kwa mguu mmoja. Nyuma yake maji yalikuwa na rangi ya bati, na mwanga ulikuwa ule aliousubiri mwaka mzima, hauna kivuli hata kidogo. Sijawahi kuona ndege aliyekaa vizuri namna ile. Mwalimu alichungulia kwenye kitundu cha kamera.

"Kushoto kuna nini?"

Nilitazama. "Karatasi ya plastiki kwenye mti wa miiba. Nyuma yake kuna ng'ombe, mkia umeingia. Na mtu anaosha pikipiki."

Akasogeza kamera kidogo. "Na sasa?"

"Plastiki imetoka. Mkia bado."

Tukangoja. Yule ng'ombe hakuwa na haraka. Korongo alishusha mguu, akanyoosha shingo, nami niliijua ishara ile, alikuwa anataka kuruka.

"Sasa?"

Ningeweza kusema sawa. Neno moja tu, na angebonyeza, na mkia ule ningeukata jioni kwa sekunde mbili, na angekuwa na picha nzuri kuliko zote za maisha yake.

"Bado, Mwalimu. Mkia bado uko."

Korongo akafungua mabawa, akapita juu ya maji, akazama kwenye mawingu ya upande wa Lukenya. Kidole cha Mwalimu kilikuwa bado kimekaa juu ya kitufe. Alikiondoa polepole.

"Ameenda?"

"Ameenda. Pole sana, Mwalimu."

Akaanza kufungua kamera kutoka kwenye miguu yake. Uso wake ulikuwa umelegea, kama mtu aliyetua mzigo.

"Hilo tu ndilo nilitaka kujua," alisema.

Akaikunja miguu ya kamera, akanipa nibebe. Machozi yalinitoka na sikuyapangusa. Tulipofika kwenye mtaro, mwanamke huyu asiyewahi kushikwa mkono na mtu alininyooshea mkono wake wa kushoto, nikauchukua, nikamvusha, tukarudi nyumbani bila picha hata moja.